Baraza la Mama Mkubwa: Nonna na kijitabu chenye alama ya kidole

SWALI

Shikamoo Mama Mkubwa,

Kwetu ni Korogwe, lakini huu ni mwaka wa kumi na nne niko Philadelphia. Nimeolewa na Mmarekani ambaye babu na bibi yake walitoka Italia. Baba mkwe alitutoka akiwa na miaka 95, na nyumba yake inauzwa. Tulipokuwa tunafungasha, uvunguni mwa kitanda tulikuta kopo la biskuti lenye vitu vya mama yake, ambaye ukoo mzima wanamwita Nonna. Alizaliwa 1906, akafariki 1991. Mimi sikumkuta.

Ndani mna picha ya msichana amejitwika mtungi, karatasi ya meli ya mwaka 1928 iliyoandikwa mkoa wa Aquila, na kijitabu cha Wizara ya Sheria ya Marekani cha Februari 1942 chenye picha yake na alama ya kidole. Kando ya kopo kulikuwa na chuma kizito chenye mikono mirefu kama mkasi, mwisho wake mabamba mawili ya duara yaliyochorwa herufi mbili na mwaka 1927. Herufi ya pili wala si ya jina la ukoo huu.

Shemeji yangu alipokiona kijitabu alinyamaza, kisha akasema tukichome, watoto wasijue kwamba bibi yao aliwahi kuchukuliwa alama za vidole kama mhalifu. Mume wangu hana neno. Na tarehe 19 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, ukoo unakutana, na mimi ndiye niliyebebeshwa kazi ya kuandika kurasa chache za kumkumbuka Nonna zisomwe mezani. Nikiuliza alikuwa mtu wa namna gani, naambiwa: "Alikuwa anapika vizuri." Basi. Mengine wanayoyajua ni kwamba mumewe alitangulia Marekani kabla ya vita vya kwanza akapata uraia 1926, kwamba jina la ukoo lilibadilishwa na maofisa wa Ellis Island, kile kituo cha New York cha kupokelea wahamiaji, na kwamba Nonna hakukubali mlango wa chumba cha kulala ufungwe usiku, hata baridi iwe kali vipi.

Nianzie wapi? Na kijitabu nikifanyeje?

Mke wa Mjukuu, Philadelphia

JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Mwambie shemeji yako aweke kiberiti chini.

Kijitabu hicho si cha jinai. Marekani na Italia zilipoingia vitani Desemba 1941, kila Mwitaliano aliyekuwa akiishi Marekani bila uraia wake alihesabiwa raia wa taifa adui. Walikuwa kama 600,000. Februari 1942 wakaamriwa waende posta (posta, mwambie shemeji, si kituo cha polisi) wakatie kidole kwenye wino, wapewe kijitabu na watembee nacho. Hawakuruhusiwa kuwa na kamera wala redio ya masafa mafupi, na safari ya mbali ilitaka kibali. Kati yao walikuwemo akina mama ambao watoto wao wa kiume walikuwa wamevaa sare za jeshi lilelile la Marekani. Tarehe 12 Oktoba 1942, siku ya Columbus, Mwanasheria Mkuu Francis Biddle akatangaza kwamba Waitaliano hawahesabiwi tena maadui. Miezi kumi tu. Aibu yake imelala uvunguni miaka themanini na ushei.

Utaniuliza, mumewe alikuwa raia tangu 1926, inakuwaje mke awe adui? Hapo ndipo mahali pa kukaa, na kama ningekuwa mimi ndiye mwandishi, hadithi ningeifungulia hapo. Hadi Septemba 1922, mwanamke mgeni akiolewa na raia wa Marekani alipata uraia kwa kumfuata mume, kama begi linavyomfuata mwenye safari. Sheria ya mwaka huo ikaikata kamba hiyo: mke aombe mwenyewe, ahojiwe mwenyewe, na ahojiwe kwa Kiingereza. Miaka miwili baadaye, sheria ya 1924 ikaibana Italia hadi watu 3,845 kwa mwaka, lakini mke wa raia hakuhesabiwa humo. Kwa hiyo Nonna wenu 1928 aliweza kuingia kwa sababu ni mke wa fulani, na 1942 akaitwa posta kwa sababu yeye mwenyewe, kama yeye, bado alikuwa Mwitaliano. Tazameni sensa ya 1950, iko wazi kwa umma tangu 2022 na haina malipo. Ina safu ya uraia. Mtajua kama kufikia hapo alikuwa ameapa.

Haya siyajui kwa kusoma tu. Miaka ile na mimi nilikwenda Marekani kubeba boksi kama wengine, ila boksi langu lilikuwa na mdomo na fimbo. Lilikuwa ajuza wa Kiitaliano wa South Philadelphia, mzaliwa wa 1911, ambaye nilimtunza tangu 1998 hadi anafariki. Naye alikuwa nacho kijitabu kama hicho, kwenye droo, chini ya aproni zilizopigwa pasi. Alinionyesha mara moja tu. Huku akinionyesha, kidole chake cha shahada kilikuwa kinajifuta kwenye gauni, kinajifuta, kinajifuta, na sidhani kama mwenyewe alijua.

Sasa jina. Hiyo hadithi ya Ellis Island kila nyumba ya Kiitaliano inayo, na wewe usiiandike. Maofisa wa pale walikuwa wanasoma majina kwenye orodha ya abiria iliyoandikwa na karani wa kampuni ya meli kabla ya safari, Napoli au Palermo huko. Hawakuwa na kazi ya kubatiza watu. Na baada ya 1924 ukaguzi mwingi ulihamia kwenye balozi ndogo za Marekani hukohuko Italia, kwa hiyo mtu wa 1928 yaelekea hata kwenye lile jumba hakukanyaga. Majina yalibadilika baadaye, kiwandani, shuleni kwa watoto, au mwenye jina mwenyewe alichoka kulitaja mara tatu.

Lakini mwanangu, ukoo mzima mnagombania jina la babu. Jina la Nonna nani ameliuliza?

Herufi zilizo kwenye chuma nadhani ndilo jibu. Italia mwanamke huandikwa kwa jina la baba yake tangu anazaliwa mpaka anazikwa, ndoa haimfuti. Sisi wa pwani hatuna haja ya kufundishwa hilo. Mama yangu ameolewa zaidi ya miaka hamsini na kila karatasi inamwita binti wa baba yake. Wamarekani ndio waliomvika Nonna wenu jina la mume, na siku hizi hata la kwanza limepotea, amebaki "Nonna", yaani Bibi. Chukua ile karatasi ya meli, linganisha na herufi ya pili. Likilingana, una jina. Halafu tafuta pembeni ya neno Aquila: huo ulikuwa mkoa, na karibu yake pengine limeandikwa jina la kijiji. Ukiwa na hayo mawili, ingia Portale Antenati, hifadhi ya mtandaoni ya serikali ya Italia. Ni bure. Pande zile za Abruzzo, jimbo lenye mkoa wa Aquila, vizazi, ndoa na vifo vimeandikwa na serikali tangu 1809. Ukikipata cheti cha kuzaliwa, soma ukingoni; makarani walikuwa na desturi ya kuongeza hapo, miaka ishirini baadaye, aliolewa lini na nani.

Na chuma chenyewe ni cha kupikia pizzelle, visheti vyembamba vya duara vyenye nakshi. Bibi harusi wa Abruzzo alipewa chake, kimechorwa herufi na mwaka, kwa hiyo 1927 ningeanza kuutafuta kama mwaka wa harusi. Babu alirudi kuoa, akatangulia tena, mke akafuata. Unga unamiminwa katikati, chuma kinabanwa, kinawekwa motoni. Saa hakuna: unasali Salamu Maria moja upande huu, unageuza, unasali nyingine upande huu. Ajuza wangu alikuwa na haraka akiwa na njaa, na pizzelle za siku hizo zilitoka nyeupe kwa sababu Mama wa Mungu alisalimiwa mbiombio. Hicho chuma msikipige rangi kikatundikwa ukutani. Kisugueni, mkipake mafuta, na Machi 19 mkipikie.

Ile picha nayo, itazame juu ya kichwa. Mtungi huo ni wa shaba, una kiuno chembamba, na wanawake wa milimani walichotea maji kisimani. Chini yake utaona nguo imeviringwa duara. Mimi nilipoiona picha kama hiyo sebuleni kwa ajuza wangu nilisema kwa sauti, peke yangu: "Ngata!" Akataka kujua nimesema nini. Nikachukua taulo la vyombo, nikaliviringa, nikajiweka kichwani na sufuria juu, nikatembea mpaka mlangoni na kurudi. Hapo tulikuwa tuna mwezi wa pili pamoja na hakuwa amenicheka wala kunichekea. Siku hiyo alicheka mpaka meno yakatoka.

Kuhusu mlango usiofungwa, sitakuapia. Nitakuambia lililo langu, wewe ulipime. Tarehe 13 Januari 1915, saa mbili kasoro dakika chache asubuhi, tetemeko liliupiga mji wa Avezzano na nchi ya Marsica, ndani ya mkoa huohuo wa Aquila. Walikufa watu kama 30,000. Avezzano yenyewe karibu iliisha. Ajuza wangu alikuwa na miaka minne. Nyumba yao haikuanguka yote, lakini fremu ya mlango ilipinda na mlango ukakwama. Yeye walimtolea dirishani. Bibi yake hakupita dirishani. Miaka themanini na sita baadaye, South Philadelphia ambako ardhi haitikisiki, nilikuwa nikirudishia mlango wake taratibu ili kelele za televisheni zisimsumbue, na asubuhi naukuta umewekewa kiatu. Kiatu kilekile kila siku, cha kushoto. Nonna wenu Januari hiyo alikuwa na miaka minane au tisa. Kama kijiji chake ni cha Marsica, basi labda baba mkwe alilala maisha yake yote ya utoto kwenye baridi ya tetemeko ambalo hakusimuliwa.

Nchi hiyohiyo ndiyo iliyokuwa na Ziwa Fucino. Lilikaushwa, kazi ikaisha miaka ya 1870, likawa shamba zuri ajabu, ila shamba lilikuwa la Torlonia, mwinyi wa Roma, na waliolilima walilikodi. Ukiulizwa mezani kwa nini watu waliondoka, anza na hilo kabla hujasema tetemeko.

Turudi kwenye "alikuwa anapika vizuri". Sentensi hiyo mtu anaweza kumwandikia bibi yeyote chini ya jua. Waulize alipika nini, siku gani, na alimpiga nani kofi la mkono kwa kuonja mapema. Waulize mfuko wa aproni ulikuwa na nini. Alitukana kwa lugha gani? (Atakuwa alitukana.) Nani alimkatalia salamu kanisani, na kwa nini? Nani alikuwa akiufunga mtini? Maana kila Mwitaliano wa mtaa ule alikuwa na mtini uani, na Novemba ikifika unavikwa mablanketi mazee na kupinduliwa ndoo kichwani usife baridi, utadhani kuna mgonjwa amesimamishwa nje. Ukiuliza hivi, wenye miaka sitini watakumbuka mambo ambayo hawakujua wanayo.

Nami nikupe mfano. Siku moja ya theluji nilikuwa najipikia ugali. Ajuza akaja na fimbo yake, akachungulia sufuria, akauliza kwa Kiingereza chake kilichovunjika: ubao uko wapi? Nikajua leo akili imeruka. Akaelekeza fimbo nyuma ya friji. Kulikuwa na ubao mpana kama mlango wa kabati, ambao nilikuwa naufuta vumbi miezi minane bila kujua kazi yake. Akaniamuru nirudishe sufuria motoni niongeze maji, maana ugali wangu aliuona ni tofali, kisha niumimine wote juu ya ubao katikati ya meza. Ukatandazika. Akamwaga mchuzi wa nyanya juu, akaweka kipande kimoja cha soseji katikati kabisa, akanipa uma, akakaa upande wake. Mtu anakula kutoka ukingoni kwake kwenda ndani, na soseji ni ya atakayefika kwanza. Kwao walikuwa watoto tisa na soseji moja. Kuanzia hapo ugali wetu tukaula hivyo kila Ijumaa, na sikuwahi kuifikia soseji hata mara moja. Ajuza wa miaka tisini!

Ila usimfanye Nonna malaika. Huyu wangu siku ya kwanza hakutaka niguse unga wake wa tambi. Alikuwa anatazama mikono yangu, na sote wawili tulijua anatazama nini. Wasisilia aliwaita wezi mpaka mwisho, na mmoja wao ndiye aliyemletea mkate kila Jumamosi kwa miaka thelathini. Maganda ya viazi niliyomenya aliyakagua kama mtoza ushuru. Nikiandika habari zake bila hayo, wanawe wangeniuliza ni nani huyo.

Jambo moja la pembeni, kwa sababu najua watoto wako watauliza habari za pasipoti. Kwa sheria ya kale ya Italia, mama hakuweza kumrithisha mtoto uraia kama mtoto alizaliwa kabla ya 1 Januari 1948. Walioufuata mstari wa bibi ilibidi waende mahakamani. Mwaka 2025 Italia imeibana zaidi sheria yenyewe. Mtafuteni wakili, msinitafute mimi.

Kijitabu kiwekeni mezani Machi 19, kimefunguliwa kwenye picha. Shemeji yako mpe yeye akisome kwa sauti, na jina aanze na la baba yake Nonna.

SWALI

Mama Mkubwa, hujambo? Mimi niko Malindi, mume wangu ni Mwitaliano. Mavyaa amekuja kutoka kwao kumwona mjukuu, mtoto ana miezi minne. Juzi mtoto alilia usiku kucha. Asubuhi mavyaa akatia maji katika sahani, akadondosha mafuta ya zeituni, akawa anaguna maneno asiyotaka tuyasikie. Mamangu aliona akakasirika, asema huyu ni mchawi. Mume wangu acheka tu. Nishike la nani?

Mama wa Mtoto, Malindi

JIBU

Mwulize mamako ile nukta ya wanja aliyompaka mtoto kwenye paji la uso ni ya nini. Hao wawili wanapigana na adui mmoja.

Kwao wanaiita malocchio, kwetu ni kijicho. Mafuta yakitawanyika na kuungana juu ya maji, mtu ametupiwa jicho. Yakikaa tone tone, ni tumbo tu linamsokota. Mradi mafuta hayaingii machoni wala kinywani mwa mtoto, mwache bibi na sahani yake. Mtoto akiwa na homa, hospitali kwanza, sahani ingoje. Na mwambie mavyaa amwonyeshe mamako jinsi matone yanavyosomwa, hata kama maneno hawezi kumpa.

Hawezi kweli, si uchoyo. Maneno hayo hufundishwa usiku mmoja tu katika mwaka, mkesha wa Krismasi, mwanamke mkubwa kwa mdogo. Huyo ajuza niliyemsema hapo juu alinisomea sahani mara tatu, na mara ya tatu, mwaka 2001, nilimwomba anifundishe. Akasema mimi si Mkristo. Nikamwambia nalijua hilo. Akafikiri sana, akasema basi, Krismasi, tukishamaliza samaki, nikumbushe. Alifariki Novemba. Mtini tulikuwa tumeshaufunga.